Nani anaijua hii sidii ya nyimbo za zamani zilizopigwa kwa vyuma?

FUNDI SPIKA (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni fundi wa redio na spika, kibanda changu kiko Mabatini, hapa hapa Mwanza. Kazi inayoniweka mjini ni redio za magari za mtumba. Zikishushwa kwenye kontena, mara nyingi ndani mna sidii imekwama. Mwenyewe kauza gari huko Uingereza au Japani, kaisahau. Nikiichomoa nashindwa kuitupa. Nina boksi la viatu limejaa: mahubiri, masomo ya lugha, watoto wanaimba shuleni, hotuba ya harusi ya watu nisiowajua. Mke wangu analiita boksi la yatima.

Mwezi uliopita imetoka moja haina jalada wala chapa ya kampuni, imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito namba 1 mpaka 12, basi. Nikaitumia kujaribia besi ya mteja. Wimbo wa kwanza nikaukumbuka mara moja, ila ule niliowahi kuusikia mimi ulikuwa laini, mwanamke anaimba, kinanda kinatembea vizuri. Huu ulikuja kama lori bovu linapanda mlima wa Bugando. Gitaa linakwaruza, ngoma zinagonga kama mtu ananyoosha chesisi, muimbaji ananong'ona halafu ghafla anapasua koo. Wa pili hivyo hivyo. Nyimbo zote 12 ni za watu wengine, za enzi za vinanda vya umeme, zimerudiwa na watu wa vyuma.

Nikawasha ile programu ya simu inayotambua nyimbo. Bando liliisha kazi ikiwa katikati, lakini nimepata minne: Marilyn Manson anarudia "Sweet Dreams" ya Eurythmics, Orgy wanarudia "Blue Monday" ya New Order, Fear Factory wanarudia "Cars" ya Gary Numan, na kikundi kinaitwa Coil, wao wamepiga "Tainted Love".

Huo wa mwisho ndio ulionileta hapa. "Tainted Love" ninayoijua ni ya kuruka, makofi mawili, shingo inacheza. Hawa Coil wameipiga polepole mno, mapigo mazito, yanaachana kama hatua za watu waliobeba jeneza. Sasa mama yangu amekuja kwangu kutibiwa macho, alishuka na meli kutoka Bukoba, kwao Muleba. Alikuwa amekaa nje ya kibanda anachambua maharage. Kiingereza hajui hata salamu. Wimbo ulipofika katikati akaniita:

"Baba, nani kafa?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa mama, ni wimbo wa mapenzi. Akasikiliza tena kidogo, akasema, "Hapana. Huyu kafiwa." Akaendelea na maharage yake.

Mchana nilicheka. Usiku, nimelala, sikucheka tena.

Wajuvi nisaidieni. Huu ni muziki gani? Mtu anapata faida gani kujaza sahani nzima kwa nyimbo ambazo tayari zipo? Na mama kasikia nini ambacho mimi fundi wa spika miaka 17 sikukisikia? Halafu lingine, msinicheke: mimi na vijana wawili tumewaza kwenda Makoroboi kurekodi wale mafundi bati, tuchukue sauti zao tupigie wimbo wa kwetu. Pa kuanzia hatupajui, na habari ya ruhusa ndiyo kabisa.


KELELE SI MUZIKI

Mkuu hiyo sidii ina mikwaruzo. Ipake dawa ya meno, futa na kitambaa laini, itaimba vizuri.


FUNDI SPIKA

Nimeshaipaka. Ndivyo ilivyo.


MZEE WA KASETI

Fundi, umenirudisha mbali. Mimi nilikuwa narekodi watu kaseti Kirumba miaka ya themanini. Unaniletea kaseti tupu asubuhi, jioni unaichukua imejaa. Bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994, kwa hiyo hizo nyimbo tulizijua kwa sikio tu. Sura za waimbaji tulijitungia. Boy George nilimjua kwa miaka mitatu kama mama mtu mzima.

Kwanza nikusahihishe. Uliyonayo siyo albamu, ni mtu kajichomea nyumbani kwake, kachagua anazozipenda. Ila alikuwa anaiga kitu ambacho kweli kilikuwepo madukani. Miaka ya tisini makampuni madogo ya Marekani yalitoa mikusanyiko ya namna hii mingi. Kuna moja ilitolewa 1997 na kampuni ya 21st Circuitry ya San Francisco, jina lake Newer Wave, vikundi vya muziki wa viwanda vinarudia nyimbo za wimbi jipya, na mwaka uliofuata wakatoa ya pili. Cleopatra ya Los Angeles nayo ilijijengea jina kwa sahani za kurudia nyimbo za wengine. Kwa hiyo mwenye gari lako alikuwa mpenzi wa mambo hayo, akajitengenezea yake ya kusikiliza njiani.

Wimbi jipya ndilo jina walilolipa wenyewe muziki uliofuata baada ya panki, ile roki ya magitaa ya fujo, kama 1978 hadi 1984 hivi. Vinanda vya umeme vilikuwa vimeshuka bei, vijana wasiojua kupiga gitaa wakapata pa kuingilia. Huyo Gary Numan alikwenda studio kupiga gitaa na wenzake, akakuta kinanda cha Minimoog kimeachwa pale kinasubiri kuchukuliwa. Akabonyeza. Sauti iliyotoka ilitikisa chumba, naye akaachana na mpango aliokwenda nao. "Cars" ilitoka 1979. Sikiliza vizuri hiyo ya Fear Factory uliyonayo, kuna sauti ya pili humo inaimba, ni Numan mwenyewe. Walimwita. Mwenye nyumba kaja kusaidia kubomoa ukuta!

Na "Blue Monday" ya 1983, ule mlio wa ngoma wa mwanzo, ile dudududu, hakuna mkono wa mtu pale. Ni mashine ya ngoma. Nakumbuka mteja mmoja alinirudishia kaseti akidai deki yangu imekwama.

Lingine usilolijua, fundi: "Tainted Love" unayoiita ya asili, ya Soft Cell ya 1981, nayo ni ya kurudia. Mwenyewe ni Gloria Jones, mwanamke wa Marekani, aliirekodi 1964. Ilikuwa ya haraka, ya matarumbeta. Wale vijana wawili wa Leeds wakatoa matarumbeta yote wakabaki na mashine na sauti. Coil wanarudia marudio.


FUNDI SPIKA

Shikamoo mzee. Yaani nilikuwa nawalaumu Coil kwa kuharibu mali ya watu, kumbe mali yenyewe ya kuokota. Hilo la mwenye nyumba kubomoa ukuta nimelisikiliza tena sasa hivi, kweli kuna mzungu mwingine humo ndani.


MIKISA NYEGEZI

Habari zenu wakuu. Mimi bado mwanafunzi, nipo Nyegezi, nafanya kazi za studio kidogo kidogo. Mzee kamaliza upande wa wimbi jipya, mimi niongeze huu wa viwanda.

Watu wakisikia "muziki wa viwanda" wanadhani ni metali, ile roki ya magitaa mazito, iliyoongezwa mashine. Mwanzo wake si gitaa. Jina lilitoka kwa kampuni ya kikundi cha Throbbing Gristle, Industrial Records, London, 1976. Walikuwa wanacheza na kanda za kurekodia, vyombo vya umeme walivyojiundia wenyewe, kelele. Fundi, wangekuwa Mabatini wangekuwa majirani zako. Mwaka 1980 Berlin wakatokea Einstürzende Neubauten, jina maana yake majengo mapya yanayoporomoka, wao walipiga vyuma chakavu, mabati, drili, springi. Januari 1984 walifanya onyesho kwenye ukumbi mmoja wa sanaa London, wakaanza kutoboa jukwaa lenyewe kwa mashine, ikabidi wazimwe kabla hawajafika chini.

Sasa hapa ndipo panapojibu swali lako la kwa nini sahani nzima. Hawa watu na wale wa vinanda laini walikuwa ndugu. Mashine zilezile, miji ileile, miaka ileile. Depeche Mode, ambao kila mtu anawajua kwa nyimbo za kuimbika, 1983 walizunguka kwenye maeneo ya ujenzi Shoreditch, mashariki ya London, wakigonga mabomba na mabati kwa nyundo na kurekodi, halafu wakazipandisha zile sauti kwenye kompyuta ya muziki zikawa noti. Upande wa pili, Al Jourgensen wa Ministry, Chicago, ambaye baadaye alikuja kuwa baba wa makelele, albamu yake ya kwanza ya 1983 ni pop ya vinanda tupu, ya kuchezea disko. Baadaye hakutaka hata kuisikia. Kwa hiyo watu wa viwanda wa miaka ya tisini walipokusanyika kurudia nyimbo za wimbi jipya, hawakwenda kuvamia kwa jirani. Walirudi kwenye chumba walicholala utotoni.

Ila nakwambia ukweli, nyingi ya hizo sahani za makusanyo ni mbovu. Nimesikiliza za kutosha. Mapishi yao ni haya: chukua wimbo, ongeza gitaa lililopasuka, muimbaji akoromee, basi. Ni kama kuweka rimu za chuma kwenye bajaji. Manson alifanikiwa kwa "Sweet Dreams" kwa sababu maneno ya wimbo ule tangu 1983 yalikuwa ya kutisha, wapo wanaotaka kukutumia na wapo wanaotaka kutumiwa, lakini Annie Lennox aliyaimba kwa ubaridi ukayapita. Manson kakupunguzia mwendo ukayasikia. Orgy mimi sioni walichofanya zaidi ya kuongeza sauti. Mzee wa Kaseti anaweza kunipinga.

Nimebaki na Coil. Fundi, hili nakuandikia taratibu.

Coil walikuwa watu wawili wa London, John Balance na Peter Christopherson. Huyu wa pili ndiye aliyekuwa kwenye Throbbing Gristle. "Tainted Love" yao ilitoka 1985. Wakati ule London vijana walikuwa wanakufa na UKIMWI, rafiki zao wakiwemo, na dawa hakuna. Walichukua wimbo wa disko ambao wale marafiki walikuwa wanaucheza, hawakubadilisha neno, wakaupunguza mwendo mpaka ukawa wa maziko. Wimbo unasema mapenzi yametiwa doa, kwamba nimekimbilia kwako na sasa nakukimbia. Ukiusikia kwa mwendo ule, doa ni ugonjwa. Mapato waliyapeleka kwa Terrence Higgins Trust, shirika lililoundwa kwa jina la mmoja wa watu wa mwanzo kufa na UKIMWI Uingereza, 1982. Na kwenye video yake yumo Marc Almond, muimbaji wa Soft Cell mwenyewe.

Kwa hiyo mama yako hakukosea. Amekusikilizia vizuri kuliko programu ya simu.


FUNDI SPIKA

Nimesoma hii nikiwa kibandani, nikazima pasi ya kulehemia nikakaa.

Naomba niseme kidogo halafu turudi kwenye mada. Mama ni wa Muleba, na wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walikuwa mkoa wa Kagera, 1983. Kabla haujapewa jina la kitabibu kule waliuita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zinauzwa na wafanyabiashara wa mpakani, kwa sababu wao ndio walioanza kukonda. Mama alizika ndugu zake wanne kati ya 1985 na 1991. Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka vitu vya kitoto: migomba imekatwa kutandikia wageni, na kwamba tulikuwa tunavaa nguo nzuri kila wiki kwa sababu ya misiba. Wajomba walikuwa na kaseti za disko. Moja ilikuwa na hiyo ya Soft Cell, ndiyo maana naijua ile ya kuruka.

Hao wazungu wawili walikuwa wanafanya msiba London mwaka uleule na sisi, kwa wimbo ambao mjomba wangu alikuwa nao kwenye mfuko wa shati.

Sijamwambia mama. Nimemuuliza tu jana, ulijuaje? Akasema, "Mtu mwenye furaha hasubiri hivyo kati ya neno na neno."

Haya. Tuendelee. Makoroboi.


KELELE SI MUZIKI

Fundi, nifute ile ya dawa ya meno.


BAHARIA MSTAAFU

Pole sana kwa wajomba. Sisi wa meli tuliwabeba wengi wakirudi kwao kufia nyumbani, daraja la tatu, wamefunikwa blanketi mchana wa jua. Sina la kuongeza kuhusu muziki.


KARANI WA SHERIA

Mleta mada aliuliza kuhusu ruhusa na wote mmempita. Mimi siyo wakili, ni karani tu kwenye ofisi ya mmoja, lakini hili nalijua.

Mnajua kwa nini makampuni madogo ya Marekani yalipenda hizo sahani za kurudia nyimbo? Sheria. Tangu 1909 huko, wimbo ukishatolewa hadharani kwa ridhaa ya mtunzi, mtu mwingine yeyote anaweza kuurekodi upya bila kumpigia magoti, mradi amjulishe na amlipe kiwango kilichopangwa kwa kila nakala. Ilianza kwa ajili ya vinanda vilivyokuwa vinajipiga vyenyewe kwa karatasi ya matundu. Mwaka 1998 kiwango kilikuwa senti 7.1 za dola kwa wimbo usiozidi dakika tano. Nyimbo 12, unalipa senti 85 na kidogo kwa kila sidii unayoiuza dola 12 au 15. Huhitaji kununua rekodi yenyewe ya mwanzo, ambayo ndiyo ghali. Unamwita kijana wa vyuma na kompyuta yake, anakupigia kwa furaha kwa kuwa anaupenda wimbo. Biashara.

Lakini sheria hiyohiyo ina kifungu kitamu: unaruhusiwa kuupanga kwa mtindo wako, huruhusiwi kubadili melodia ya msingi wala tabia ya wimbo. Wimbo wa kucheza ukiufanya wa kuzikia umebadili tabia yake au hukubadili? Ningependa kumsikia hakimu akijibu hilo.

Kwetu haipo njia hiyo ya mkato. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mtunzi haki ya kukubali au kukataa kazi yake kurudiwa au kugeuzwa, na haki hiyo inabaki kwa warithi miaka mingi baada ya yeye kufa. Kwa hiyo fundi, ukitaka wimbo wa bendi ya zamani, tafuta mtunzi au watoto wake, andikisheni kwa karatasi, halafu pitieni COSOTA, ofisi ya serikali ya hakimiliki. Usisikie wanaosema "ni wa zamani, hauna mwenyewe". Na usidhani za jadi ni za kuokota. Sheria imeziwekea sehemu yake pia.


BINTI KISESA

Mwangaluka wote. Nimesoma uzi wote nikiwa kwenye daladala, nimepitiliza kituo.

Mimi ni wa Kisesa, nimekulia karibu na makumbusho ya Bujora. Nataka kumwambia kaka Fundi asiende Makoroboi kama mtu anayevumbua kitu. Muziki wa chuma upo Usukumani kabla ya hao wa Berlin. Bugobogobo ni ngoma ya jembe. Wachezaji wanalirusha juu, wanalidaka, na jembe linaongea. Njuga za miguuni ni kazi ya mhunzi. Na majembe yenyewe, kabla ya haya ya dukani, yalitoka kwa Warongo, wale wayeyushaji wa chuma wa upande wa Geita na Uzinza. Babu zetu walikuwa wanawalipa mifugo.

Na habari ya kurudia wimbo wa mwenzako tunaijua pia. Bagika na Bagalu, zile kambi mbili za ngoma za Usukumani, wakishindana, manju wa upande mmoja anaweza kuchukua maneno ya mpinzani akayageuza kidogo tu, watazamaji wote wakahamia kwake. Si kuiga. Ni kumwonyesha mwenzako kitu kilichokuwa ndani ya wimbo wake mwenyewe na hakukiona. Kwa hiyo huyo mwanafunzi wa Nyegezi nakubaliana naye, anayeongeza kelele tu juu ya wimbo angechekwa hata uwanjani Bujora.

Nina pendekezo. Acheni nyimbo za bendi, mtasumbuana na warithi. Bibi yangu ana wimbo wa kusagia mtama, wa jiwe, alifundishwa na mama yake. Mistari sita. Unaimbwa na mwanamke mmoja usiku wa kuamkia alfajiri, jiwe linakwenda na kurudi. Nikisikia grenda ya mafundi inavyosaga chuma, inakwenda, inatulia, inakwenda, huwa namkumbuka yeye. Yupo hai, ana akili zake zote. Ngoja nimuulize.


FUNDI SPIKA

Wabeja sana dada. Muulize, na mwambie sisi siyo wezi.

Wakati nasubiri, niripoti. Jumamosi tulikwenda Makoroboi, mimi na vijana wangu. Kwa wasiopajua: ni pale katikati ya mji, chini ya mawe, jina limetokana na koroboi zilizokuwa zinatengenezwa pale kwa makopo. Sasa hivi ni majiko ya mkaa, makarai, masanduku, mikebe ya kukaangia. Tulifika saa tatu, tukaomba, mzee mmoja akauliza tunalipa shilingi ngapi kwa kelele. Nikamwambia elfu tano na soda. Akasema kelele bure, soda lete.

Nilichojifunza ni hiki. Kwanza simu haifai. Nyundo ya kwanza tu sauti ikapasuka, ukisogea mbali unaokota na honi za bodaboda. Tulifunika simu kwa sweta, tukasimama hatua tano, ikawa afadhali. Pili, mafundi watatu wakipiga sanduku moja hawagongani. Hakuna anayehesabu. Mmoja akishusha mwingine anapandisha, wa tatu anaingia kwenye nafasi. Nilipofika kibandani nikaweka kwenye kompyuta nikajaribu kuwanyoosha wafuate mashine ya ngoma, wakafa kabisa. Nikaachia walivyo, ndiyo wakarudi kuwa watu.

Tatu, bati lina noti. Kipande kirefu kinalia chini, ukikikata kinapanda. Yule mzee wa soda aliponiona natafuta, akachukua mkasi akanikatia vipande saba, akavipanga chini kwa ukubwa, akavigonga kwa bisibisi. Akatoa nusu ya wimbo wa kanisani. Kumbe amekuwa akifanya hivyo miaka mingi kumchekesha mjukuu wake. Vile vipande amenifungia kwa waya, vipo hapa mezani.

Ila rekodi zote za simu ni uchafu. Tukirudi lazima tuwe na kinasa sauti cha kweli.


MIKISA NYEGEZI

Hilo la kutowanyoosha umelipata kwa siku moja, mimi lilinichukua mwaka. Ukirekodi tena, usirekodi nyundo peke yake. Rekodi dakika mbili za kijiwe kikiwa kimya, kabla hawajaanza. Utahitaji kitu cha kuweka kati ya pigo na pigo, na ukiweka ukimya wa kompyuta inasikika kama shimo.


MZEE WA KASETI

Orgy nitawatetea siku nyingine, mwanafunzi, usidhani nimesahau.


BINTI KISESA

Nimerudi. Nilikwenda kwa bibi jana jioni. Nilimpigia kwenye simu hiyo ya Coil, ili aelewe mnataka kufanya nini. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, hawa nao wanasaga?

Amekubali. Karani wa Sheria, ameweka dole gumba kwenye karatasi, nimepiga picha. Ana masharti mawili. Jina la mama yake litajwe mwanzoni, siyo mwishoni ambako watu wanakuwa wameshazima. Na wimbo msiukimbize. Anasema nyie vijana wa mashine kila kitu mnakikimbiza, na mtama ukikimbizwa unatoka chenga.

Atauimba mwenyewe, lakini saa kumi na moja alfajiri tu, kwa sababu mchana hauji. Jiwe lipo, amelikalia kama kiti miaka yote hii.


FUNDI SPIKA

Dada, nimemsomea mama ujumbe wako wote. Anataka kuja naye. Nimemwambia ni alfajiri, baridi, macho yake bado yana bandeji. Akasema macho ya nini, anakwenda kusikiliza.

Basi ni Jumapili. Tutapanda gari la kwanza la Kisesa. Kuna mwenye kinasa sauti wa kutuazima?


BAHARIA MSTAAFU

Ninacho, kidogo cha mkononi, mwanangu aliniletea. Nilikuwa narekodia honi za meli, ni ugonjwa wangu huo. Betri zake zimechoka, njoo na mpya nne ndogo. Nipo Igogo, ukifika relini uliza nyumba yenye nanga mlangoni.


FUNDI SPIKA

Nakuja leo jioni mzee. Na hizo honi usizifute.